Taa ya LED kwenye tangi la matumbawe: ikikusumbua, anzia hapa

Malalamiko ninayoletewa kuhusu taa za matangi ya bahari hayazidi saba, yanajirudia tu kwa sura tofauti. Na karibu kila anayenipigia simu ameshaihukumu taa: mbovu, ya bei rahisi, haitoshi. Nikifika, mara nyingi nakuta taa haina kosa, au kosa lake ni kuwa na nguvu kupita kiasi. Ndiyo maana nimepanga mwongozo huu kwa dalili unayoiona wewe. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Ya mwisho ni ya nadra. Zifuate hivyo hivyo, na usibadilishe vitu viwili kwa siku moja. Ukishusha mwanga, ukabadili maji na ukatia dawa jioni ile ile, hali ikitulia hutajua kilichoituliza.

Uwe na kipimajoto cha peke yake (kile kilichomo kwenye hita usikiamini), multimita, betri ya kidonge ya CR2032 na kitambaa laini. Ukiweza kuazima kipimo cha PAR, azima. PAR ni mwanga ambao mwani na mimea inaweza kuutumia, wa nanomita 400 hadi 700, na hutajwa kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Namba za kufanyia kazi ni hizi: matumbawe laini na yale magumu yenye polipi kubwa (polipi ni vinyama vidogo vinavyounda tumbawe) hutulia kwenye 50 hadi 150, ya matawi, kama Acropora, yanataka 200 hadi 350. Kipimo chenyewe ni ghali, kwa hiyo wenye matangi watatu wanne mkichanga mtakuwa mmefanya la maana. Programu ya simu haikusaidii kitu hapa. Inapima luksi, kipimo kilichotengenezwa kufuata jicho la mtu, na jicho letu ni zito kuiona buluu, ilhali taa ya matumbawe karibu yote ni buluu.

Dalili: matumbawe yamegeuka meupe

Kwanza hakikisha unaangalia nini. Zima taa, subiri usiku uingie, kisha mulika tumbawe kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona utando kama ute uliokauka na polipi zinazopepea, lingali hai. Limepoteza tu ule mwani mdogo mno unaoishi ndani ya nyama yake na kulilisha. Ukiona mfupa mtupu wenye vinyweleo, mkavu kama kipande cha chaki, hapo nyama imeshabanduka, na hilo ni tatizo jingine. Siku tatu nne baadaye mfupa ule utaota uchafu wa kijani. Ulio hai hauoti.

Sababu ya kwanza: mwanga mwingi uliokuja ghafla. Mtu ametoa taa za mirija za zamani, amefunga LED, na kwa kuwa buluu haichomi macho anaona kama haitoshi, anaipandisha hadi asilimia 100. Ndani ya wiki mbili matumbawe ya juu ni meupe huku ya chini kwenye kivuli yakiwa na rangi yake. Huo mgawanyo wa juu na chini ndio ushahidi wako. Rudisha taa hadi asilimia 30 au 40, acha kilele cha mwanga kidumu kwa muda wa saa sita tu kwa siku, kisha panda asilimia 5 kila wiki. Tumbawe lililoathirika lishushe chini ya tangi au liwekee kivuli, lakini usilifungie gizani kabisa. Kurudi kwa rangi ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi.

Sababu ya pili: joto. Hii kwetu pwani ndiyo inayodanganya watu wengi, na ningesema kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, iwe ya kwanza. Chumba kina nyuzi 31, pampu zinaongeza, taa inaongeza, na maji yanafika 30 bila mtu kujua. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la El Niño, matumbawe ya pwani yetu, Kenya na Tanzania, yaligeuka meupe na hakuna aliyekuwa amebadilisha taa. Kinachotokea ni kwamba joto linavuruga mtambo wa mwani ule wa ndani. Mwanga ambao jana ulikuwa chakula leo unazalisha sumu, na tumbawe linaufukuza mwani ili lijiokoe. Kwa hiyo hata kama kosa ni la joto, kupunguza mwanga kunasaidia. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji itakushushia nyuzi moja au mbili, ingawa unyevu wa hewa yetu unaipunguzia nguvu. Maji yanayopotea kwa mvuke yajazie kwa maji matamu yaliyochujwa. Ukijazia kwa maji ya chumvi, kila wiki unaongeza chumvi juu ya chumvi.

Mteja mmoja aliniita akiwa ameshaagiza taa mpya. Nilitumbukiza kipimajoto changu, kikapanda taratibu mpaka 31.4, naye akabisha kwa sababu cha kwake kilisoma 27. Kilikuwa kimebandikwa kwa nje ya kioo, upande unaopulizwa na kiyoyozi.

Sababu ya tatu: lenzi nyembamba. Taa nyingi za boksi jeusi huja na lenzi za digrii 60 au 90, na katikati ya tangi panakuwa na doa kali wakati pembeni ni giza. Inua taa sentimita 10 au 15, au vua lenzi zibaki diodi tupu (vile vitone vinavyotoa mwanga) zenye digrii 120.

Ya mwisho: maji yenyewe. Pima uchumvi (1.025 au 1.026) na alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe (7 hadi 9 kwa kipimo cha dKH). Alkaliniti iliyoruka kwa siku moja huumiza kuliko iliyokaa juu au chini kidogo kwa muda mrefu.

Simama hapa: ikiwa nyama inabanduka kuanzia chini kwenda juu na umeona tofauti kati ya asubuhi na jioni, acha kugusa taa. Kata tawi lenye afya, liweke mbali na lile bovu, na mtafute mfugaji mwenye uzoefu siku hiyo hiyo. Wala usiende kuvunja jingine baharini kulifidia. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, hapo Dar es Salaam, ni hifadhi, na matumbawe magumu yote yapo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Omba kipande kwa mwenye tangi lililostawi. Matumbawe yanakatika na kuota kama muhogo.

Dalili: rangi imekuwa ya kahawia, au matumbawe yanarefuka kama yanatafuta dirisha

Kahawia maana yake mwani wa ndani umezidi. Watu hukimbilia kusema mwanga ni mdogo, na mara nyingine ni kweli, ila kwanza pima naitreti na fosfeti. Maji yenye virutubisho vingi huunenepesha mwani ule hata chini ya taa nzuri. Punguza chakula cha samaki, safisha kichujio, subiri wiki tatu.

Kurefuka ni dalili iliyo wazi zaidi: shina jembamba, kichwa kimeelekezwa taa ilipo, polipi zimepanuka kupita kawaida. Hapo kweli mwanga hautoshi. Kabla hujapandisha asilimia, panguza taa. Chumvi inayoruka na mapovu hukauka juu ya kioo kinachokinga diodi na kuacha utando mweupe unaokula mwanga kidogo kidogo, kwa mwendo wa polepole ambao jicho linauzoea. Tumia maji matamu ya uvuguvugu. Kama kinga ni akriliki, usiipake spiriti. Itapasuka vijistari vidogo ambavyo havitoki tena.

Baada ya hapo angalia urefu wa taa kutoka majini, kisha umri. LED haiungui kama balbu, inafifia, na iliyokaa miaka kwenye joto bila feni inafifia mapema. Mwisho kabisa, angalia kama ulinunua taa ya mapambo. Kamba ya LED ya dukani, ile ya mikanda ya volti 12, inapendezesha samaki, lakini buluu yake ya nanomita 450 ni ndogo mno kwa tumbawe.

Dalili: mwani umefunika mawe tangu taa mpya ifungwe

Sitachelewa hapa. Taa haileti mwani, inaumulika ule uliokuwa unangoja chakula. Fosfeti kwanza. Tangi likiwa halijatimiza miezi mitatu, vumbi la kahawia kwenye kioo ni la kawaida na litajiondokea. Upande wa taa, punguza chaneli nyeupe na nyekundu, acha buluu, na jumla ya saa zisizidi 10. Tangi karibu na dirisha la magharibi? Funga pazia.

Dalili: taa inapepesa

Kama inapepesa kwenye video ya simu tu na jicho halioni, si ugonjwa. Draiva (kifaa kinachozipa diodi mkondo wake) nyingi hupunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima mamia ya mara kwa sekunde, na kamera inaikamata michirizi hiyo. Iache.

Ikiwa jicho linaona, anza na plagi na viungio. Chumvi huingia kwenye kiungio, inageuka kutu ya kijani, mkondo unakatikakatika. Chomoa umeme, fungua kiungio, kisugue, kikaushe, kirudishe. Nusu ya matatizo ya kupepesa huishia hapo.

Inayofuata inawahusu waliojitengenezea taa wenyewe: volti hazitoshi. Diodi moja ya buluu au nyeupe ya wati 3 hutaka takriban volti 3.3. Umezifunga 14 kwa mfululizo, hiyo ni volti 46.2. Chanzo chako ni cha volti 48. Kwenye karatasi unaona umepona, lakini draiva za kushusha volti, kama LDD za Mean Well, zinahitaji nafasi ya takriban volti 3 juu ya zile za safu. Jumla 49.2. Zikipata joto zinatulia kidogo, zikiwa baridi zinapepesa, nawe unalaumu diodi. Kwa volti 48 usizidishe 13, na mimi hufunga 12 nikalala. Kwa volti 24, sita. Diodi nyekundu hutaka kama volti 2.2, kwa hiyo usizihesabu sawa na buluu.

Kisha umeme wa nyumba. Ikiwa na balbu za sebuleni zinacheza muda huo huo, taa haina shida. Stabilaiza itasaidia kwa kupanda na kushuka kwa kawaida. Lakini balbu zikiwa zinang'aa kupita kiasi chumba kimoja huku kingine zinafifia, zima meni swichi na umwite fundi umeme mwenye leseni: hiyo ni dalili ya waya wa nyutro uliolegea, na inaunguza vitu vya nyumba nzima.

Dalili: diodi moja imezima, au safu nzima imezima

Diodi zilizofungwa kwa mfululizo zina njia mbili za kufa. Ikifa kwa shoti, yenyewe inazima na wenzake wanaendelea kuwaka. Ikifa kwa kukatika, mkondo hauna pa kupita, na safu nzima inalala pamoja nayo. Kwa hiyo diodi 12 zikizima kwa mpigo mmoja, usidhani zimekufa zote. Mara nyingi ni moja, au waya.

Chomoa taa ukutani na usubiri dakika tano ili kapasita zimalize umeme. Angalia viungo vya risasi kimoja kimoja chini ya mwanga wa pembeni: kiungo kizima kinang'aa na kutandaa kama tone la mafuta, kibovu kimefifia, kina mduara mwembamba mweusi kuzunguka waya. Ukikisukuma kwa ukucha kinatikisika. Kichomee upya.

Viungo vikiwa sawa, ndipo betri ya kidonge inapoingia kazini. Chukua waya mbili fupi, gusisha upande wa jumlisha wa CR2032 kwenye jumlisha ya diodi, na wa kutoa kwenye kutoa. Diodi nzima ya buluu itawaka kwa unyonge, kama jicho la paka. Iliyokufa haitaonyesha chochote. Pita safu yote, ndani ya dakika mbili utakuwa umempata mhalifu. Multimita nyingi kwenye alama ya diodi hazifikishi volti za kuiwasha buluu, na hapo ndipo watu hutupa diodi nzima wakidhani zimeungua.

Diodi zote zikijibu betri, mshuku draiva. Njia salama ni kuihamishia safu hiyo kwenye draiva ya jirani yenye miliampia zile zile. Ukifanya hivyo, unganisha kila kitu kwanza, umeme uwe wa mwisho. Draiva iliyo hewani bila mzigo hupandisha volti hadi kikomo chake, na ukiichomekea diodi ikiwa hai inazipiga kwa mkondo mkali mara moja. Nimewahi kuua safu ya diodi kumi kwa haraka ya namna hiyo, na mteja amesimama nyuma yangu.

Kama umefunga safu mbili sambamba kwenye draiva moja, ijue hatari yake. Safu moja ikikatika, mkondo wote unahamia kwa iliyobaki. Draiva ya miliampia 1,400 iliyokuwa inagawa 700 huku na 700 huku sasa inamwaga zote upande mmoja. Kila safu iwe na draiva yake.

Na kama ndugu amekuletea taa kutoka Marekani, soma kibandiko cha draiva kabla hujachomeka. Kinatakiwa kisome 100–240V. Kikisoma 120V peke yake, umeme wetu wa volti 230 utaimaliza kwa sekunde moja.

Simama hapa: draiva iliyovimba, iliyoyeyuka au inayonuka haifunguliwi nyumbani. Upande wake wa kuingilia una volti 230, na kapasita zake zinaweza kukupiga hata baada ya kuchomoa. Badilisha nzima. Na unapopima chini ya taa iliyowaka, usiitazame diodi ya buluu uso kwa uso. Jicho haliisikii kali, kwa hiyo halijikingi.

Dalili: inawaka vizuri saa moja au mbili, kisha inajizima

Feni. Tisa kwa kumi ni feni. Hewa ya pwani ina chumvi, chumvi inaganda kwenye beringi, feni inazunguka kwa uvivu au inasimama, taa inapata joto na kinga yake inaizima. Ikipoa inawaka tena, mwenyewe unasema ina jini. Weka kiganja mahali hewa inapotokea; kama husikii upepo, badilisha feni, uhakikishe volti zake zinalingana na za zamani.

Kama taa ni ya kujitengenezea na haina feni, gusa hitisinki (chuma kinachobeba diodi na kutoa joto lake) baada ya saa moja. Ukiweza kuacha mkono hapo bila kuuondoa, ni sawa. Ukiuondoa kabla ya sekunde tano, una chuma kidogo kwa wati ulizofunga, au grisi ya joto chini ya diodi ni nene. Grisi inatakiwa iwe utando mwembamba wa kuziba mianya. Wengine wanaipaka kama siagi kwenye mkate, na inageuka blanketi. Ukitaka njia ya mkato, shusha miliampia: diodi inayoendeshwa kwa 500 badala ya 700 hupoteza kama robo ya mwanga lakini hupoa sana.

Dalili: unahisi umeme ukigusa maji, au swichi ya nyumba inajikata

Hapa hakuna cha kuchunguza mkono ukiwa majini. Zima meni swichi, kisha chomoa kila kitu cha tangi. Taa ikiwa imetumbukia, itoe baada ya hapo tu, na usiiwashe tena hata ikikauka.

Kwa kawaida anayevujisha ni hita yenye ufa au pampu ya zamani. Taa inafuata nyuma yao. Tangi lako likiwa na kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile cha miliampia 30, rudisha vifaa kimoja kimoja kwa mikono mikavu, bila kugusa maji. Kitakachokata ndicho chenye kosa. Kama huna kifaa hicho, usijaribu zoezi hili. Mwite fundi umeme, na cha kwanza kumwagiza ni akifunge.

Wakati unamsubiri, tazama plagi ya taa. Taa nyingi za kuagiza huja na miguu miwili au adapta isiyo na ethi, na soketi zetu zina vizuizi kwenye matundu mawili ya chini vinavyofunguliwa na mguu wa ethi wa juu, basi mtu analichokonoa tundu la juu kwa kifuniko cha kalamu mpaka plagi iingie. Taa inawaka, lakini hitisinki ya alumini iliyoning'inia juu ya lita 200 za maji ya chumvi haina ethi hata kidogo. Mwoneshe fundi plagi hiyo. Mwambie aweke ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampia 3, apime kama ethi ya soketi kweli inafika ardhini, na waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji linalotambaa juu yake lidondokee sakafuni.